Naomba ushauri: upana wa marinda ya kilti

Habari zenu mafundi. Nipo Glasgow, namshonea mteja kilti (sketi ya marinda ya wanaume wa Scotland) ya harusi kwa sufu ya drafti. Kiuno sm 88, hipsi sm 104. Marinda ya nyuma nimeyapa nusu: sm 44 kiunoni, sm 52 kwenye hipsi. Drafti inajirudia kila sm 16 na mteja anataka mchoro uendelee nyuma kama mbele, hivyo kila rinda linaficha sm 16 za kitambaa ndani ya mkunjo, mbali na sehemu inayoonekana. Nikigawa kwa marinda 26, sehemu inayoonekana ya kila rinda inakuwa sm 2 kwenye hipsi na 1.7 hivi kiunoni.

Nimeshikiza kwa pini; kwenye hipsi pametulia, ila kiunoni mistari inapinda. Je, hizo milimita 3 nizipunguze upande mmoja wa rinda au pande zote mbili? Na marinda yote hupunguzwa sawasawa? Sitaki kushona halafu nifumue, sufu yenyewe ghali.