Nusu eka na kijito Mvomero: broila, kuku wa mayai, chotara au bwawa la sato?

Mtamba_Moro
Wakuu, heshima kwenu. Nina nusu eka Mvomero, upande wa chini kinapita kijito ambacho hakikauki hata kiangazi. Mimi nashinda kazini mjini, mke wangu ndiye atakayekuwa na mifugo kutwa. Mtaji unatosha banda la kuku 100 au bwawa moja, siyo vyote viwili. Kila ninayemuuliza ananisifia anachofuga yeye. Naomba mnilinganishie: broila, kuku wa mayai, chotara (kuku wa mchanganyiko kama Kuroiler au Sasso), au sato (samaki aina ya tilapia). Pesa inaliwa wapi, na inarudi lini?

BiMkubwa_Kibaha
Karibu mwanangu. Anza na chakula, maana kwa kuku wa kisasa, katika kila shilingi 10 unazotoa, kama 7 zinakwenda kwenye chakula.

Broila mmoja hula kilo 3 na nusu hadi 4 mpaka wiki ya 6, akiwa na uzito wa kama kilo 2. Kwa kuku 100 andaa mifuko 8 ya kilo 50. Pesa yake inarudi haraka kuliko wote uliowataja. Ila akishafika uzito wa kuuzwa, kila siku ya ziada bandani anakula faida yako. Kwa hiyo mnunuzi apatikane kabla kifaranga hajaingia. Sisi huku Dar ipo jirani, wauza chipsi wanachukua wenyewe. Wewe zunguka kwanza Turiani na Dakawa, ongea na wenye migahawa, ujue wanachukua kuku wangapi kwa wiki na wanalipa siku gani.

Kuku wa mayai ni habari nyingine. Wakiwa kwenye kilele, 100 wanakula kama kilo 12 kwa siku na kukupa kama trei 3. Maana yake kila trei imebeba kilo 4 za chakula. Chukua bei ya kilo moja dukani kwenu, zidisha mara 4, kisha angalia trei inauzwaje. Jibu utaliona mwenyewe kabla ya kununua hata msumari. Na kumbuka yai la kwanza linakuja kati ya wiki ya 18 na 20. Mpaka hapo kila kuku ameshakula kama kilo 7, yaani mifuko 14 kwa kuku 100, na hujauza kitu. Wengi pesa huwaishia hapohapo, wakauza mitetea iliyobakiza wiki mbili tu itage, tena kwa bei ya kutupa. Inaniuma kila nikiiona.

Nyanza_254
Hujambo ndugu. Natoka upande wa Kenya, nizungumzie samaki. Mwaka 2009 serikali yetu ilianza kuchimba mabwawa kupitia mpango wa kuchochea uchumi: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300. Watu walipewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Msaada ulipokwisha, mabwawa mengi yalibaki na nyasi. Chakula kilikuwa ghali, na mtu alivuna samaki wake wote siku moja bila barafu wala mnunuzi. Sikukatazi bwawa. Nakuomba tu ujue chakula cha mwezi wa nne tangu uweke vifaranga kitatoka wapi kabla hujashika jembe.

Sato_Kingolwira
Nyanza_254 kasema kweli. Mimi nafuga sato hapa Morogoro, na naona samaki wanaonewa bure kwa makosa ya uchimbaji.

Udongo kwanza. Chimba shimo la kiunoni, lijaze maji asubuhi, jioni lijaze tena, ufunike. Kesho yake maji yakiwa yamebaki mengi, udongo una mfinyanzi wa kutosha. Yakiwa yamekwisha, utalazimika kutandika turubai la nailoni, na gharama yake inabadilisha hesabu yote.

Bwawa la mita 10 kwa 15, kina cha mita moja hadi moja na nusu, linapokea vifaranga 450 ukiweka 3 kwa kila mita ya mraba. Wakibaki 400 na kufikia gramu 250, umevuna kilo 100. Hiyo ni miezi 6 hadi 8. Chakula ni kama kilo 150 hadi 200, na kinapungua ukiyafanya maji yawe ya kijani kwa mbolea ya kuku au ng'ombe. Kuyapima ni rahisi: zamisha mkono taratibu hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikionekana vizuri, maji hayajashiba mbolea. Kikipotea mapema, kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea imezidi, acha kuweka. Hapo ndipo utawakuta samaki alfajiri wako juu wanatweta, kwa sababu hewa imekwisha majini usiku.

Nunua vifaranga vya dume tupu. Ukichanganya jinsia, sato wanazaa mapema, bwawa linajaa vidogo na hakuna anayekua. Chakula unaweza kuchanganya mwenyewe: pumba za mpunga zipo tele Dakawa, ongeza dagaa na mashudu ya alizeti. Nyavu juu ya bwawa ni lazima, mdiria na korongo hawana huruma. Kuhusu kijito, kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde, huko kwenu ni bonde la Wami/Ruvu. Ulizia mapema.

Mifugo_Kwanza
Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, na kwa maelezo yako ningekushauri chotara. Anataga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Wa mayai halisi anamzidi, lakini chotara anajitafutia majani na wadudu, na jogoo wake anafika kilo 3. Hata soko likichelewa wiki 2, hupati hasara kama ya broila. Udhaifu wake ni kwamba halalii mayai kama kuku wa kienyeji, hivyo vifaranga utanunua kila mara.

Watu wanakosea wanapodhani chotara hahitaji chanjo kwa kuwa anafanana na wa kienyeji. Chanjo ya mareksi (ugonjwa wa kupooza) apewe siku ya kwanza huko huko anakototolewa. Siku ya 7 kideri (mdondo), 14 gumboro (virusi vinavyoua kinga ya kifaranga), 21 kideri tena, 28 gumboro tena, ndui kati ya wiki ya 6 na 8. Baada ya hapo kideri kila miezi 3. Iko chanjo ya kideri ya tone moja la jicho, I-2, inatengenezwa na TVLA (wakala wa maabara ya mifugo) pale Kibaha na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Chanjo ya kunywa usichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, wanywe kwa kasi wakipewa.

Mama_Kifaranga
Mimi naongezea wiki ya kwanza tu, maana vifo vingi viko hapo. Joto liwe nyuzi 32 hadi 35, ukipunguza kidogo kila wiki. Kama hamna kipimajoto, shemeji awatazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa au jiko, baridi; wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, joto limezidi; wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika na kula, waache. Ukitumia jiko la mkaa, acha tundu la hewa juu, moshi wake unaua kimyakimya. Tandika maranda, siyo vumbi la mbao, wanalila. Na maranda yakilowana chini ya kinyweshea yatolewe siku hiyohiyo, kuhara damu kunaanzia hapo.

Mtamba_Moro
Asanteni sana. Nimeshauriana na mama watoto, tunaanza na chotara 100. Swali moja: mbele ya safari naweza kujenga banda juu ya bwawa, mbolea idondoke majini?

Sato_Kingolwira
Inawezekana, na inafanya kazi. Lakini kuku wakiwa kwenye dawa, weka kizuizi chini ya banda mpaka dozi iishe. Na jenga hili la sasa upande wa juu wa eneo, mita kadhaa kutoka kijitoni, ili chini pabaki nafasi ya bwawa. Lile shimo la majaribio unaweza kulichimba hata Jumamosi hii.