Tupeane uzoefu: matamshi ya Kiarabu kwa dada wa kazi Ghuba, yanashikwaje bila mwalimu?

Wadau mlio Oman, Saudia, Kuwait na Dubai, tuweke hapa yanayonyoosha ulimi. Msamiati kila mtu anauokota, shida ni kusema "siki" ukaeleweka. Mtoe mbinu, na mseme kosa linatokea wapi.

Mdau, Jeddah
Anzeni na kushikilia herufi. Hammaam ni bafu, hamaam ni njiwa. Tofauti ni ile m tu: funga midomo, tulia kidogo, ndipo uachie. Pili, acheni kutia irabu mwisho wa neno. Chumvi ni milh, si "milihi". Mkate ni khubz, si "khubuzi". Maneno mengi mnayo tayari, yakateni mkia: sahani ni sahn, sabuni ni saabuun. Na wanaochanganya r na l wawe macho jikoni: ruzz ni mchele, looz ni lozi.

Mdau, Muscat
Wanaotoka bara huibana kh na h zote mbili za Kiarabu kuwa h moja. Kh inakwaruza nyuma ya mdomo, kama kwenye khall (siki). H nyepesi ni ya kwetu, kama kwenye heel (iliki). H nzito ya haliib (maziwa) inatoka kooni: hema kama unayepulizia kioo cha miwani ili ukifute, huku umebana koo, bila sauti. Ukiongeza sauti papo hapo unapata herufi ya Kiarabu iitwayo 'ain. Waliopita madrasa wanazijua herufi za koo, wanahitaji kuzihamishia jikoni tu. Kuandika, tumieni tarakimu za Waarabu wenyewe kwenye simu: 7 ni h nzito, 3 ni 'ain, 5 ni kh. Daftari liandikwe 7aliib, 5all, heel.

Mdau, Riyadh
Naona kikwazo kikubwa si koo, ni kile Kiarabu unachosemeshwa. Dada wa kazi huambiwa Kiarabu kilichovunjwavunjwa: "inta ruuh" (wewe nenda, kwa umbo la kiume), "maa fii" (hakuna), hata kama ni mwanamke. Ukikirudisha hivyo hivyo, hakuna atakayekusahihisha, kwa sababu wamezoea. Sikiliza wanavyosemeshana wao kwa wao, hasa mama na watoto. Mvulana huambiwa ta'aal (njoo), msichana ta'aali. Ukimwambia mtoto wa kiume ta'aali atacheka na kukurekebisha palepale. Mtu mzima atakaa kimya. Shika sentensi nzima kwa mpigo wake, mfano sakkri l-baab (funga mlango), uirudie kwa sauti ya chini mara tu baada ya kuisikia.

Mdau, Kuwait
Video nyingi za mafunzo ni fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni, nyumbani hakisemwi. Huku samaki si samak ni simach, kuku si dajaaj ni diyaay, kahawa ni gahwa. Ukihamia Muscat utasikia watu wakisema g mahali pa j. Fuata nyumba uliyomo. Dirisha, kwa bahati, wengi Ghuba husema diriisha.

Mdau, Muscat
Naongezea. Nyumba za Waomani wenye asili ya Zanzibar zinaongea Kiswahili. Ni faraja kubwa, ila Kiarabu kitachelewa. Omba jikoni msemeshwe Kiarabu.

Mdau, Jeddah
Zile s na t nzito za Kiarabu msizitafute kwenye ulimi peke yake, sikilizeni irabu inayofuata. Kwenye basal (kitunguu) a inazama, inakaribia o. Tiin nyepesi ni tunda la tini, tiin nzito ni udongo. 'Ain muiache mwisho. Ukiikosa watu bado wanaelewa kwa muktadha, lakini irabu fupi mahali pa ndefu inabadili neno zima.

Na kurekodi kunasaidia, ila rekodi sauti yako tu, chumbani kwako. Usirekodi watu wa nyumba bila ruhusa, ni kesi hiyo. Sema maneno matano, sikiliza, kesho yake uyatumie mbele ya mtoto.