Re: Faili la uraia limerudishwa, jina la mama

LYON
Habari zenu ndugu. ANEF, ofisi ya mtandaoni ya maombi ya wageni hapa Ufaransa, wamenirudishia faili. Cheti changu cha kuzaliwa kinamwita mama Mwanahamisi, chake cha ndoa kinasema Mwana Hamisi. Mfasiri wa kiapo alitafsiri vilevile vilivyo. Je, hati ya kiapo kutoka Mombasa inatosha, au naanza upya? Inaniuma kwa sababu mahojiano yalikwenda vizuri. Waliniuliza mwandishi nimpendaye, nikamtaja Joseph Kessel. Mwanangu anasoma riwaya yake ya simba, Le Lion, shuleni.

LILLE
Pole sana dada. Mimi walinishika kwa herufi moja, miezi 11. Resepise, karatasi ya muda ya ukaazi, ikaisha muda, kazi ikasimama, watoto wanakutazama tu. Huyo Kessel naye alikuwa mgeni kama sisi, mzaliwa wa Urusi.

MARSEILLE
Kaka, tusipotoshane. Alizaliwa Argentina, 1898. Wazazi ndio Wayahudi wa Urusi. Alikuja Ufaransa mtoto, akajitolea kwenye jeshi la anga Vita vya Kwanza vya Dunia, na humo ikatoka riwaya yake L'Équipage, 1923. Uandishi wa habari hakuuacha: Ireland, biashara ya watumwa Bahari ya Shamu, kesi ya wakuu wa Nazi kule Nuremberg. Académie française, baraza la lugha ya Kifaransa, ilipomchagua 1962, kwenye hotuba yake aliwakumbusha waziwazi kwamba wamempokea Mrusi, tena Myahudi. Wanetu wafundishwe hilo kabla ya simba.

LYON
Ahsante kaka. Na hati ya kiapo?

NANTES
Mimi ni wa Loitokitok. Le Lion ya 1958 ni Amboseli, kwetu kabisa. Niliisoma kwenye treni, nilipofika penye Kilimanjaro machozi yakanitoka; miaka 9 sijauona mlima ule. Ila morani wa humo, Oriounga, anataka kumwoa Patricia, binti wa msimamizi wa mbuga, mtoto wa miaka 10! Kwetu posa hupelekwa na wazee. Mwalimu awaambie watoto.

MARSEILLE
Ni riwaya hiyo, mama. Soma La Piste fauve, 1954, alipokuja kuandika habari za Kenya wakati wa Mau Mau.

NANTES
Nimeisoma. Ardhi iliyopiganiwa wakati ule, wangapi wamerudishiwa? Baba yangu amekufa anasubiri hati ya shamba.

LILLE
Hapo umenigusa. Kwetu Taveta ni hivyohivyo, maskwota mpaka wajukuu.

LYON
Ndugu zangu, barua imenipa hadi tarehe 14. Aliyewahi kupeleka hati ya kiapo ikakubaliwa, tafadhali aniandikie.