Tupeane uzoefu: Uliwahi kuvaa nguo ya chama ambacho mtaani kwenu hakitakiwi?

UmmuNasra
Assalaam alaykum. Kila mmoja aeleze yaliyomfika mwenyewe, na majirani tusiwataje majina, bado tunaishi nao.

Naanza mimi. Nimezaliwa Wete, nyumba ya CCM. Anayeijua Pemba anajua uzito wake: mwaka 1995 CUF, chama cha upinzani, ilichukua viti vyote 21 vya huku. Marehemu baba alikuwa mtu wa ASP, chama kilichotangulia CCM huku visiwani, tangu ujana wake, hakuona sababu ya kuhama. Kampeni za 2000 nilikuwa na miaka 17. Mama akapewa doti ya kanga, kijani na njano, jembe na nyundo katikati ya mji. Nikajifunga moja, nikaenda mferejini. Hakuna aliyenitukana. Nilitoa salamu, haikurudi. Shoga yangu, niliyesoma naye chuoni toka tunaanza alifu, akaiinua ndoo yake akaisogeza isigusane na yangu. Ile ndoo mpaka leo naiona.

Ikaja Januari 2001, watu wakauawa kwenye maandamano ya CUF. Kanga niliiweka chini ya sanduku. Nilijua mwenzangu aliyefiwa anaona nini akiitazama, na wala simlaumu. Baba akafariki mwaka huo huo. Kaka alirudi makaburini akasema waliozika walikuwa wachache, jeneza wamepokezana wale wale njia nzima. Lakini alikuwepo mzee mmoja wa CUF, jirani yetu. Alikuja na fulana yake ya chama makusudi, apite nayo mbele ya barza, wenzake wamuone anakwenda kumzika nani. Kila nikikumbuka namuombea dua.

Shoga yangu alikuja kunipa pole ya baba mwaka 2010, baada ya maridhiano ya CCM na CUF na ile kura ya maoni ya Julai, ya serikali ya umoja. Miaka tisa. Tulilia sana siku ile.

Mvuvi wa Mchangani
Wa alaykum salaam dada yangu. Mie fulana sikubadilisha, walibadilisha wenzangu. Machi 2019 kiongozi wetu Maalim Seif alipotoka CUF akaingia ACT-Wazalendo, kijijini kwetu ilikuwa "shusha tanga, pandisha tanga", siku chache tu kila kitu kikawa zambarau. Ami zangu wawili walikuja nyumbani kunisemesha mpaka usiku. Nikawaambia kadi yangu ya CUF naijua nilivyoipata, na ugomvi wa Maalim na mwenyekiti Lipumba si sababu ya mimi kuitupa.

Basi nikaenda dikoni na fulana ile ile ya "Haki sawa kwa wote" ambayo mwaka wa nyuma nusu ya diko walikuwa nayo. Samaki wangu wakawekwa mnadani, dalali anataja bei, kimya. Nguru wazima, wabichi! Mwisho akanunua mtu kwa bei ya kutupa. Ilikwenda hivyo karibu mwezi. Niliumia kwa sababu waliokaa kimya ni watu niliolala nao baharini, tumegawana maji ya kunywa chomboni.

Februari 2021 Maalim alipofariki nilikwenda Mtambwe kuzika. Nilivaa kanzu. Nililia kama wengine, maana miaka yote ile alikuwa kiongozi wangu pia. Mmoja wa wale wa mnadani alinishika mkono tukarudi pamoja. Hatukuzungumza siasa.

Fundi wa Chake
Nashona sare za vyama vyote. Kila uchaguzi walio wachache mtaani kwao huja baada ya isha, na huomba nguo ifungwe gazeti. Nawafungia, siulizi.

Mke wa Kusini
Assalaam alaykum dada zangu na kaka zangu. Mie nimeolewa Makunduchi, na huku ni kinyume cha Pemba, huku kijani ndiyo kila nyumba. Mume wangu hana neno na siasa zangu. Tatizo ni ukoo. Kampeni za 2020 nilikuwa na kanga ya zambarau. Nikienda mkutanoni mjini naivaa ndani ya buibui, kwenye daladala nimejifunika mpaka shingoni na joto lile, nikifika ndiyo nalivua buibui. Kurudi, nakunja upya. Kanga yenyewe nilikuwa nikiifua usiku na kuianika chumbani, juu ya mlango.

Mama mkwe aliiona. Yeye ni mtu wa ASP, kisha CCM, tangu siku chama kilipoungana na TANU mwaka 1977, picha ya Mzee Karume ipo ukumbini kwake. Nilihisi miguu imekufa. Aliishika pindo, akaisoma jina polepole, akainusa. Akasema: "Mwanangu, kanga hii inanuka uvundo. Ianike juani."

Hakusema jengine, akaenda zake jikoni.

UmmuNasra
Subhanallah. Allah amzidishie umri. Ukaianika?

Mke wa Kusini
Uani, dada. Kamba ya mbele ya nyumba bado sijathubutu.