Makinikia ya dhahabu: tuyachome au tuwaachie bakteria?

HOJA: Tangu Tanzania ilipozuia makinikia (mchanga wa madini uliokolezwa) kusafirishwa nje Machi 2017, kelele ni tanuru tu. Wapo bakteria wanaopenda joto na asidi, wanaokula salfa. Ipi ina faida?

MCHENJUAJI: Kama dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), bakteria: wanaivunja na dhahabu inafunguka. Choma tani moja ya pairaiti uone: inatoka zaidi ya tani moja ya salfa dayoksaidi. Mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, walianza kutumia matangi ya bakteria mwaka 1986, Obuasi ya Ghana 1994. Hayo si majaribio.

TANURU KWANZA: Gharama umeziruka. Kwa bakteria, tani moja ya pairaiti inataka tani nzima ya oksijeni, na sehemu kubwa ya hewa unayopuliza inapita tu na kutokea juu. Umeme huo nani analipa? Halafu kuvunja makali ya asidi inayozalishwa humo kunakula kama tani 1.7 za mawe ya chokaa. Jasi yote hiyo, masalia ya chokaa na asidi, utaimwaga wapi?

MCHENJUAJI: Umeme nakubali. Vikorogeo vikisimama mchanga unatuama, hewa inakatika, bakteria wanakufa. Jenereta ya akiba ni lazima. Ila joto hulinunui. Pairaiti inajichemsha yenyewe, kazi yako ni kupoza. Bakteria *Acidithiobacillus caldus* anashamiri kwenye nyuzi 45 hivi, kwa hiyo koili za maji ya kupoza zikiziba, umewapika. pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikae 1.2 hadi 1.8, ikipanda, chuma kinaganda juu ya chembe. Yabisi (chembe ngumu ndani ya tope) isizidi asilimia 20 hivi, maana tope zito halipitishi oksijeni vizuri.

MPIMA MAABARA: Caldus hafanyi kazi peke yake. Yeye ni salfa tu, chuma ni cha bakteria mwingine, Leptospirillum. Caldus akilegea, salfa inayobaki inakutana na sayanaidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) na kuwa kemikali nyingine, thayosayaneti, sayanaidi yako imeliwa bure. Na msithubutu kurudisha maji ya sayanaidi kwenye matangi ya bakteria! Thayosayaneti kidogo tu inawamaliza. Mabaki nayo yaoshwe, pH ifikishwe 10.5 kabla ya kutia sayanaidi, la sivyo mnafukiza gesi ya kuua watu.

TANURU KWANZA: Na shaba iliyomo kwenye makinikia ya mgodi wa Bulyanhulu?

MCHENJUAJI: Hiyo peleka tanuruni. Kalkopairaiti (madini ya shaba, chuma na salfa) kwenye nyuzi 45 inajifunika utando, uyeyukaji unasimama; inataka arkea (vijidudu vingine, si bakteria) wa nyuzi 65 hadi 80, na matangi ya bei nyingine kabisa. Kasese, Uganda, waliweza kwa nyuzi 42 kwa sababu walitafuta kobalti (metali nyingine) iliyomo kwenye pairaiti ya mgodi wa Kilembe, si shaba.