Mpangaji halipi: kufuli mlangoni au Baraza?

Mama Vyumba Vitatu, Nkuhungu

Mbukwenyi. Naleta hoja yangu hapa ipigwe mawe, maana mtaani nimeshapigwa vya kutosha.

Nina vyumba vitatu vya uani. Nilianza kujenga mwaka ule Serikali ilipotangaza inahamia Dodoma, 2016, kwa hela ya kikoba na mkopo wa mshahara. Kimoja nilimpangisha kijana anayeuza samaki wa bwawa la Mtera. Elfu sabini kwa mwezi, miezi sita mbele, yaani 420,000. Siku ya kuingia akaleta 210,000, iliyobaki atamalizia mwisho wa mwezi. Mwezi upi, hakusema. Miezi mitatu ikaisha, ikapita mingine mitano. Nikigonga, "Shikamoo mama," ananifungia sato mmoja kwenye mfuko, ananiambia mzigo umekwama njiani. Nimekula sato wanne. Deni 350,000.

Jumamosi moja kaenda Mtera, nikaweka kufuli langu juu ya lake, nikapanda gari kwenda msibani Kondoa. Nilichosahau ni friji. Mita ni moja kwa vyumba vyote, na zamu ya kununua umeme ilikuwa yake. Uniti zikaisha Jumapili. Jumanne narudi, nzi wamejaa dirishani, wapangaji wengine wamehamishia majiko barazani kwangu, mwenyewe kakaa juu ya ndoo, na mwenyekiti wa mtaa kasimama pembeni kaziba pua. Tulipofungua, maji mekundu yalikuwa yametoka chini ya friji yakafika kwenye godoro. Kilo 22. Mwenyekiti akapiga hesabu palepale, elfu nane kwa kilo, 176,000, ikatolewa kwenye deni. Godoro tukasameheana.

Kwa hiyo leo namdai 174,000, yeye ananidai heshima, na bado amelala chumbani kwangu. Naulizeni: mwenye nyumba mdogo akikatazwa kufunga mlango, amebakiwa na nini? Mwenye ghorofa Area D ana wakili. Wakili wangu mimi ni lile kufuli.

Bodaboda wa Chang'ombe

Pole mama. Ila sato wanne uliwala. Kwetu huku hiyo ni risiti.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu

Mama, kosa lako si kufunga, kosa lako ni kwenda Kondoa. Mimi sijawahi kumfungia mtu. Niling'oa mlango. Nikamwambia mpangaji mlango umeliwa na mchwa, naupeleka kwa fundi. Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma wa Julai mnaujua. Usiku wa tatu akahama mwenyewe bila kelele, na vyombo vyake vyote kachukua.

Msinihubirie sheria. Zamani tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo kila mtu na mpangaji wake. Kodi wanasema ni soko huria, sawa, lakini siku ya kumtoa asiyelipa soko huria linageuka haki za binadamu. Nimejenga kwa kiinua mgongo. Nani alikuja kunipa haki ya binadamu nilipokuwa nachanganya zege?

Dada wa Masjala

Shikamoo Mwalimu. Huo mlango ungekugharimu zaidi ya fundi kama yule bwana angekuwa mjuzi kidogo.

Upangaji usiozidi mwaka, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaukubali hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Kwa hiyo ile kauli ya "hana mkataba, namtoa leo" ifutwe kichwani. Ana mkataba, ila haukuandikwa, na anayeumia zaidi kwa kutoandikwa ni mwenye nyumba, kwa sababu ndiye atakayetakiwa kuthibitisha deni. Unaanza na notisi ya maandishi. Andika nakala mbili, yeye asaini yako, na akikataa kusaini mpe mbele ya shahidi, uandike kwamba amekataa. Hapo ndipo watu wengi wanaporuka, wanakuja na hasira na picha za simu.

Asipolipa wala kuhama, mnakwenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi ya ardhi, linapatanisha tu. Siku 30 zikipita hamjapatana, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata kama hawajakupa hati ya kushindwa kusuluhisha. Huko yuko mwenyekiti na wazee wawili wa baraza, na amri ikitoka, anayemtoa mtu ni dalali wa baraza, si vijana wa kijiweni. Kama mtu ameshahama na unachotaka ni hela yako tu, deni la mkataba hata mahakama ya mwanzo inalipokea.

Na mwenyekiti wa mtaa, pamoja na muhuri wake, hana uwezo wa kuamuru mtu ahame.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu

Marahaba binti. Sasa hesabu kwa sauti. Notisi, siku thelathini za usuluhishi, kufungua shauri, wito haujamfikia, mzee mmoja wa baraza anaumwa, limeahirishwa. Chumba cha elfu sabini. Nauli yangu tu inamaliza kodi.

Mpangaji wa Ipagala

Naomba na sisi tulio upande wa pili wa mlango tusikilizwe, maana hapa naona mpangaji anazungumzwa kama mchwa.

Mimi nalipwa kwa mwezi. Hata hao wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wenye vitambulisho shingoni wanalipwa kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka nusu mwaka kabla sijalala hata usiku mmoja, na dalali naye anataka wake wa mwezi mmoja kwa kunionyesha mlango ambao ningeuona mwenyewe. Chumba cha elfu sabini kinakuwa 490,000 siku ya kwanza. Nani mwenye hela hiyo mfukoni? Nimekopa kwenye simu, kwa shemeji, na kazini. Mwezi wa pili hadi wa sita silipi kodi, nalipa hayo madeni. Mwezi wa saba unaniambia leta nyingine sita.

Tazameni kisa cha mama mwenyewe. Yule kijana 420,000 hakuwa nayo tangu mwanzo, na mama aliliona hilo siku ya kwanza, akapokea nusu. Angemwambia leta elfu sabini kila tarehe moja, mwezi wa nne angejua kama huyu analipa au halipi, deni likiwa sabini. Ni miezi sita mbele iliyomfanya asubiri hadi lifike 350,000, kwa sababu kila siku alikuwa anasubiri ile "iliyobaki".

Halafu kuna kodi ya jengo. Inakatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayepaswa kuilipa kisheria ni mwenye jengo. Mnawarudishia wapangaji?

Mama Vyumba Vitatu, Nkuhungu

Kaka wa Ipagala umenishika pabaya. Miezi minane mara 1,500 ni 12,000, kwa vyumba vitatu fungu lake ni 4,000. Haya, namdai 170,000. Mkiendelea kunishauri hivi mwisho nitamlipa mimi.

Lakini miezi sita si uroho wote. Mwenye kodi ya mwezi namfuata mara 12 kwa mwaka, na kila mara nasikia habari za msiba. Ile ya mkupuo ndiyo inayonunua bati, inayolipa ada Januari. Ukinipa sabini sabini inaishia kwenye unga na maji ya kununua kwa dumu. Wewe hiyo hesabu huioni kwa sababu hujajenga.

Bodaboda wa Chang'ombe

Hajajenga kwa sababu anakulipa wewe.

Mwenyekiti Mstaafu wa Mtaa, Mailimbili

Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi na muhuri nimeupiga sana kuliko nilivyopaswa, binti wa masjala amesema kweli.

Niongeze moja kuhusu kufuli. Ukifunga chumba cha mtu, umekuwa mlinzi wa kila kilichomo, hata ambacho hakikuwemo. Mama amebahatika, samaki walionekana na wakanukia. Mimi niliwahi kuamua kesi ya mpangaji aliyefungiwa siku mbili. Mlango ulipofunguliwa akasema chini ya godoro palikuwa na laki tano. Mwenye nyumba akaapa hakuingia. Sasa mimi nimuulize nani, godoro? Hakuna orodha, hakuna shahidi. Yule mwenye nyumba aliyekuwa anadai kodi ya miezi miwili akarudi kwake anadaiwa, na mpangaji akakaa mingine minne kwa raha zake.

Ushauri wangu mnaweza kuuchukia. Samehe deni, chukua chumba. Mwandikieni karatasi: ahame kabla ya tarehe fulani, na akihama na kukabidhi ufunguo deni linakufa. Asipohama, deni liko palepale na karatasi hiyo ni ushahidi kwamba alilikubali. Kila mwezi anaoendelea kulala mle mama anapoteza sabini nyingine. Miezi miwili na nusu tu ishamaliza hiyo 170,000.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu

Yaani mwizi apewe zawadi ya kuacha kuiba! Kesho mtaa mzima wa Nkuhungu watajua kwa mama ukikaa miezi mitano bure unasindikizwa na baraka. Afadhali mlango wangu.

Mjane wa Nzuguni

Mzee, mimi nilimsamehe mmoja laki mbili na nusu. Chumba kilikaa wazi wiki moja tu, na huyu wa sasa analipa miezi miwili miwili. Ile hela bado inaniuma, sisemi uongo. Lakini jirani yangu aliyebaki na wake kwenye kesi, hana hela wala chumba.

Dada wa Masjala

Karatasi ya mzee wa Mailimbili ni nzuri, ila isainiwe kwa hiari, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na kufuli la mama liwe limeshaondolewa kabla hajasaini. Mtu anayesaini akiwa amefungiwa nje anaweza kuikana kesho.

Mama Vyumba Vitatu, Nkuhungu

Kufuli nililitoa siku ileile ya samaki, sasa linafunga banda la kuku.

Jana jioni nilimpelekea karatasi. Mwisho wa mwezi, ufunguo mkononi mwangu, deni linakufa. Mwalimu utanisamehe. Akaisoma mara mbili chini ya taa ya uani, akasema, "Mama, mimi sipendi kuondoka na deni la mtu." Nikafurahi, nikajua kuna hela inakuja. Akaniomba aniachie lile friji.

Nimemwambia ahame nalo.