Tupeane uzoefu: siku uliyogundua "UTI sugu" yako haikuwa UTI

Mleta uzi
Wakuu, habari za muda huu. Naanza na yangu msije mkaniona mmbea.

Mwaka juzi nilianza kusikia moto nikikojoa. Nikaenda duka la dawa la mtaani, dada hata hakuuliza maswali, akanifungia antibayotiki ya sipro: "Hiyo UTI kaka, punguza soda, kunywa maji." Nafuu siku tatu, ikarudi. Nikaenda zahanati, nikapima mkojo, majibu "UTI", nikadungwa sindano. Ikarudi. Mara ya nne ndugu yenu nilikuwa nimeshafika kwenye maji ya bamia.

Mwisho nikaangukia kwa tabibu mmoja mtu mzima, miwani yake mguu mmoja umefungwa uzi. Akaniuliza swali ambalo hao wote hawakuwahi kuniuliza: "Boksa yako asubuhi ina doa?" Nikanyamaza. Doa lilikuwepo, la njano, na nilikuwa nalifua mwenyewe usiku kimyakimya. Akasema kijana wa kiume mwenye miaka 26 kupata UTI mara nne kwa mwaka ni jambo la nadra, mkojo wetu una safari ndefu kuliko wa wanawake, bakteria wa nje hawafiki kirahisi. Hiyo ni kisonono, na sipro ilishazoewa na wadudu wake miaka mingi. Nikachomwa seftriaksoni na kupewa dawa ya klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa) hapohapo, kwa sababu hayo mawili hupenda kutembea pamoja.

Kisha akanipa kikaratasi cha kumpa mwenza naye aje. Hapo ndipo mtihani ulipoanza, maana nilikaa nacho kwenye pochi siku tisa. Nitamalizia baadaye, leteni na zenu.

Utingo_wa_Tunduma
Mimi kidonda. Kimoja tu, duara, hakiumi hata ukikibonyeza. Nikakipaka mafuta ya breki (msicheke), baada ya wiki kadhaa kikapona chenyewe, nikajiona daktari. Miezi miwili mbele vipele viganjani na kwenye nyayo. Dereva wangu akasema ni aleji ya dizeli. Na mimi nikaamini, si ndiyo kazi yangu kushika dizeli!

Mwaka ule kulikuwa na watu wanapima bure kwenye maegesho ya malori mpakani. Tone la damu kidoleni, dakika kama kumi na tano, kaswende. Sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, wanagawa nusu tako hili nusu lile. Wakuu, ile dawa ni nzito kama uji wa jana. Tunduma mpaka Mbeya nimekaa upande.

Kijana wa Buza
Hii ya mafuta ya breki ni chai.

Utingo_wa_Tunduma
Njoo Tunduma nikuonyeshe kopo.

Mama Wawili
Kaswende hiyohiyo nusura ivunje nyumba yangu. Mimba ya kwanza, 2019, tulienda kliniki na mume wangu, tukapimwa VVU na kaswende kwa pamoja. VVU hakuna, kaswende ipo, kwangu na kwake. Tukachomwa wote, mtoto akazaliwa salama (nilikuja kuambiwa baadaye kwamba isipotibiwa mtoto anaweza kufia tumboni). Yakaisha.

2023 mimba ya pili, kituo kingine, hudhurio la kwanza: kaswende ipo. Kwenye daladala sikumsemesha. Nyumbani nikamtolea shuka sebuleni. Siku tatu mwanamume analala na mbu, anaapa kwa kila kitu anachokijua, na mimi nimeshampa sura mwanamke ambaye hata hayupo.

Siku ya nne nikarudi kwa nesi wa ile kliniki ya kwanza na kadi yangu ya zamani. Akacheka. Kumbe kile kipimo cha haraka kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na ugonjwa, na askari hao kwa watu wengi hawaondoki hata ukipona kabisa. Kitabaki kinasema "ipo" mpaka nizeeke. Kipimo cha kuonyesha kama ugonjwa bado unaendelea ni kingine, kina namba, na namba hushuka ukitibiwa. Yangu ilikuwa chini kabisa. Dada zangu, kadi za kliniki msifungie vitumbua. Ile kadi ndiyo iliyomrudisha mume wangu chumbani.

Nesi wa zamu ya usiku
Niko kwenye fani, niongeze machache. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili kabisa, kwa hiyo "mbona mke wangu yuko sawa" siyo kipimo. Ukitibiwa peke yako ukarudi kitanda kilekile, unarudishiwa mzigo wako. Nyote wawili mkae siku saba baada ya dawa bila kukutana. Na kama kondomu imepasuka na una wasiwasi na VVU, usisubiri Jumatatu: dawa za kuzuia zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na unazimeza siku 28.

Wale wanaokuja "nimetumwa na rafiki yangu anaumwa", mleteni rafiki tumchome.

Binti Chuo
Mimi nilinunua kile cha kujipima VVU mwenyewe, unapitisha kijiti kwenye fizi. Nilijifungia bafuni hosteli, nikaweka simu dakika 20, mstari mmoja, nikalia kwa furaha. Nesi akaniuliza tukio lilikuwa lini. Siku kumi zilizopita. Akasema hapo nimepima woga wangu tu, nirudie baada ya miezi mitatu. Nilirudia, niko salama. Kilichoniuma ni kwamba kile kijiti kinaongelea VVU peke yake, na mimi nilikuwa nimeshajipa cheti cha usafi wa kila kitu. Klamidia nikakutwa nayo.

Pwani Mjini (Mombasa)
Na ule mchezo wa kujipaka mafuta ya nazi juu ya mpira wa kondomu wacheni, mafuta yaulegeza mpira ukapasuka. Mimi yangu nilipasuliwa na mafuta ya nywele ya mke wangu. Sisemi zaidi, yumo humu.

Kijana wa Buza
Mleta uzi, kikaratasi kiliishia wapi?

Mleta uzi
Siku ya tisa nilimtoa chipsi mayai, nikakiweka mezani karibu na chupa ya tomato. Akakisoma chote, akakikunja vizuri, akatia kwenye mkoba. Nikasubiri kofi. Akaangalia tarehe kwenye muhuri, akaniangalia mimi.

"Hizi siku tisa zote ulikuwa unasubiri nini?"

Alienda kesho yake, hakuwa na dalili hata moja na alikuwa nayo. Matibabu tulimaliza wote. Lile swali bado ananiuliza mpaka leo, hasa nikichelewa kurudi.